Mguu Hodari na Mfuko wa Baba

Liko swali ambalo hapa Kolwezi halizeeki. Mfadhili anakuja, pengine ni mtu wa kampuni ya madini, pengine ni mgeni apendaye michezo, anasema: nitafutieni kijana hodari wa mpira, nami nitamlipia masomo hata chuo kikuu. Ndipo wazee wa parokia, walimu na sisi makatekista tunapoketi na kutazamana. Tumtaje aliye hodari kupita wote, ijapokuwa baba yake ana malori matatu katika njia ya Musompo? Au tumtaje wa pili wake, ambaye mama yake huuza mihogo kando ya barabara? Wengine husema: msaada huu ni wa miguu, mali ya baba isiulizwe. Wengine husema: msaada ukimwendea mwenye nacho, si msaada tena.

Ubishi huu haukuzaliwa Kolwezi. Umekwisha kukatwa, ukafufuka, ukakatwa tena kwa namna nyingine, katika nchi za mbali na za karibu. Yafaa tujue habari zake kabla ya kuandika jina la mtoto wa mtu kwenye karatasi.

Tuanze nyumbani. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Katika miaka ya kwanza ilichukua watu wa kazi kwa miezi michache tu, kisha ikawarudisha vijijini mwao. Mnamo mwaka 1928 ikageuza siasa yake, ikataka mtu wa kazi akae kambini pamoja na mke wake na watoto wake. Ikampa nyumba, posho na hospitali. Shule za watoto ikawaachia wamisionari. Hivyo mtoto wa kambi alisoma kwa sababu baba yake alikuwa na namba ya kazi. Hakuna aliyeuliza kama baba ni maskini au ni tajiri. Namba ndiyo iliyomsomesha mtoto, na aliyezaliwa nje ya kambi alibaki nje.

Mpira nao ulipita karibu na mlango huo huo. Mwaka 1939 wamonaki Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface huko Élisabethville, mji uitwao sasa Lubumbashi, walianzisha timu kwa ajili ya wanafunzi wao wasioelekea upadri. Waliiita Saint-Georges, kwa jina la msimamizi wa maskauti wao. Baadaye ikaitwa Saint-Paul. Halafu ikapokea wachezaji wasio wanafunzi, ikatoka mikononi mwa misioni, ikapata mfadhili, yaani kampuni ya matairi ya Englebert, ikalichukua na jina lake. Ndiyo TP Mazembe tunayoijua, iliyotwaa kombe la vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968, na tena 2009, 2010 na 2015. Tazameni safari yake: mwanzoni kijana alicheza kwa kuwa ni mwanafunzi, leo wako vijana wanaopewa chakula, kitanda na masomo kwa kuwa wanacheza. Jambo limegeuka kichwa chini, na watu wengi hawakuliona likigeuka.

Nchi iliyobishana juu ya jambo hili muda mrefu kupita zote ni Marekani. Huko Ulaya kijana hodari huenda kwenye klabu, na chuo kikuu hakimwiti kwa ajili ya mchezo. Marekani ni vyuo vyenyewe vinavyomwita, vikamlipia karo, nyumba, chakula na vitabu. Mashindano yao ya kwanza ya chuo na chuo yalikuwa ya makasia, Harvard na Yale, mwaka 1852, nayo gharama zake zililipwa na kampuni ya reli iliyotaka kuwavuta wasafiri. Tangu siku ya kwanza, basi, mfanya biashara alikuwa amekwisha kuketi pale ukingoni.

Kwa miaka mingi vyuo vilisema havilipi mchezaji, huku vikilipa. Mwaka 1929 taasisi ya Carnegie ilitangaza uchunguzi wake juu ya vyuo zaidi ya 100, ikaonekana kwamba vingi vinawavuta wachezaji kwa fedha au kwa kazi za jina tu. Mwaka 1948 chama cha vyuo kinachosimamia michezo, kiitwacho NCAA, kikatunga sheria ambayo watu waliiita sheria ya akili timamu. Tuisome polepole, maana inatuhusu. Ilisema chuo chaweza kumsamehe mchezaji karo yake, lakini kwa sharti ya kwamba jamaa yake hawana uwezo; isipokuwa awe amefaulu sana darasani, hapo uwezo hauulizwi. Ikasema tena: kijana akiacha kucheza, asinyang'anywe msaada. Kwa maneno mengine, mali ya baba iulizwe, wala mguu usiwe dhamana.

Sheria hiyo iliishi kama miaka 3 tu. Vyuo 7 vilikiri wazi kwamba haviifuati, na kati ya hivyo viwili ni vya Kikatoliki: Boston College ya Wayesuiti na Villanova ya Waagustino. Hatusemi hivyo ili kuwaaibisha watawa. Twaona kinyume: hao walisema kweli, na vingi vingine vilinyamaza. Hoja ya wabishi ilikuwa na nguvu. Walisema mchezaji anashinda uwanjani mchana kutwa, hana saa ya kufanya kazi ya kujilipia chakula; mkimkataza kupokea waziwazi, atapokea gizani. Mnamo Januari 1950 ilipigwa kura ya kuvifukuza vyuo hivyo 7. Kura 111 zilitaka vifukuzwe, 93 zilikataa; lakini zilihitajika theluthi mbili, basi havikufukuzwa. Mwaka 1951 sheria ikafutwa.

Ndipo mwaka 1956 wakakata neno kwa upande wa pili: chuo chaweza kumlipia mchezaji gharama zote za masomo, bila kuuliza baba yake ana nini. Mtoto wa daktari na mtoto wa mjane sawasawa. Watu wengi waliliona jambo hilo kuwa haki iliyo safi, maana fedha zilitoka gizani. Lakini yafuatayo mara nyingi husahauliwa. Ukimlipa mtu kwa kazi ya mwili wake bila kutazama uhitaji wake, umekaribia sana kumwajiri. Mwaka 1955 mchezaji mmoja wa chuo kidogo cha Colorado alikufa kwa kuumia kichwa mchezoni. Mjane wake aliomba fidia, kama vile mjane wa mtu aliyekufa kazini. Mwaka 1957 mahakama kuu ya jimbo hilo ikamnyima. Na mkuu wa NCAA wa siku hizo, Walter Byers, alieleza baadaye kwamba wao walilibuni jina la "mwanafunzi-mwanamichezo" na kulisisitiza kila mahali, kwa hofu ya kwamba mchezaji atahesabiwa kuwa mfanyakazi. Mwaka 1973 chama kikafanya msaada kuwa wa mwaka mmoja mmoja, wa kufanywa upya au kutofanywa. Hapo mguu ukawa dhamana kweli. Hatimaye mwaka 2025, kwa mapatano yaliyothibitishwa mahakamani vyuo vikubwa viliruhusiwa kuwalipa wachezaji fedha taslimu, kwa kiasi cha dola milioni 20 na nusu kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Huo ni mshahara, na sasa angalau hufanana na mshahara.

Lakini si wote waliofuata njia hiyo. Mwaka 1954 vyuo 8 vya zamani vya mashariki ya nchi ile, Harvard, Yale na Princeton vikiwamo, vilipatana kwamba havitatoa msaada wowote kwa ajili ya mchezo. Mwanafunzi hulipiwa kwa kadiri ya upungufu wa jamaa yake, awe anacheza au hachezi. Njia hiyo ingali ikifuatwa mpaka leo. Je, imefunga mlango wa mali? Haikuufunga. Kocha wa vyuo hivyo hana fedha ya kutoa, lakini ana nafasi: akimtaka kijana, kijana huingia kwa urahisi kupita wenzake. Na michezo yenyewe ni mingi ya watu wenye nacho, kama makasia na mchezo wa panga, ambayo mtoto wa fukara hajapata hata kuiona. Mwaka 2019 mambo yalifichuka: wazazi matajiri walishtakiwa kwa kuwahonga makocha ili watoto wao waandikwe kuwa wanamichezo, na kati yao walikuwamo ambao hawakuujua huo mchezo. Yale ilitajwa, na Georgetown ya Wayesuiti ilitajwa pia. Basi mali ikikatazwa kuingia kwa hazina, huingia kwa daftari la majina.

Tuvuke bahari turudi Afrika, maana jirani zetu wa Kenya walikula matunda ya njia zote mbili. Tangu miaka ya 1970 vyuo vya Marekani viliwaita wakimbiaji kutoka Bonde la Ufa. Henry Rono, Mnandi aliyefiwa na baba yake angali mtoto, aliitwa na chuo cha Washington State. Naye mwaka 1978, katika siku 81, alivunja rekodi 4 za dunia. Peter Rono, mwanafunzi wa Bruda Colm O'Connell katika shule ya Mtakatifu Patrick huko Iten, alikwenda Mount St. Mary's, chuo cha Kikatoliki cha Maryland, na mwaka 1988 akashinda mbio za mita 1,500 huko Seoul. Kama vyuo hivyo vingeuliza mali za baba zao, vijana kama hao wangepita bila shida. Kwa hiyo husemwa: mwaona, miguu peke yake yatosha! Lakini tukumbuke ya kuwa mbio hazidai kitu. Mtoto wa Iten alihitaji njia ya udongo na pumzi. Mchezo usiodai gharama huwaachia maskini nafasi. Kadiri unavyodai vyombo, safari na kocha, ndivyo mali inavyotangulia kufika uwanjani.

Njia ya pili ndiyo iliyotupendeza zaidi. Mwaka 2004 Profesa Mike Boit, aliyepata medali ya shaba katika mita 800 mwaka 1972, na Mmarekani John Manners walianzisha huko Bonde la Ufa mpango uitwao KenSAP. Walichagua vijana waliofaulu sana darasani, watoto wa jamaa wasio na kitu, wakawapeleka katika vyuo kama Harvard na Yale, ambavyo hulipia kwa kadiri ya upungufu. Na katika kuwachagua waliwakimbiza mita 1,500! Walitumaini ya kwamba atakayeonyesha mbio nzuri atapendwa na kocha, na hivyo ataingia kwa wepesi. Wengi hawakuwa wakimbiaji kabisa. Tazameni jinsi mambo mawili yalivyotengwa: miguu iliweza kufungua mlango, lakini aliyelipa karo alitazama mfuko. Aliyeshindwa mbio hakukosa chakula chake.

Na Mkongo mwenzetu Dikembe Mutombo je? Alizaliwa Kinshasa mwaka 1966, akasoma kwa Wayesuiti katika Boboto. Baba yake alikuwa mtu wa elimu, mkuu wa shule. Hawakuwa matajiri, wala hawakuwa mafukara wa mwisho. Mwaka 1987 alikwenda Georgetown kwa msaada wa masomo uliotolewa na serikali ya Marekani, akitaka kuwa daktari. Alipofika, kocha John Thompson alimwona kijana wa mita 2 na zaidi, akamwita kwenye mpira wa kikapu. Hesabuni hapo: kichwa kilimvusha bahari, urefu ukaja baadaye. Alimaliza masomo mwaka 1991, akapata fedha nyingi katika mchezo, na mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake ikafunguliwa. Alifariki mwaka 2024. Watu wetu humtaja kila mara kama ushahidi wa kwamba mpira humtoa mtu. Sisi tunaongeza: alitolewa kwanza na daftari.

Sasa turudi Kolwezi, maana hapa ndipo pagumu. Tukikubali kwamba mali ya jamaa iulizwe, tutaipimaje? Huko Marekani jamaa hujaza karatasi ya kodi na mshahara, ofisi ikakata hesabu. Kwetu karatasi ya mshahara ni shahidi wa uongo. Katika miaka ya 1980 Gécamines, iliyorithi mali ya Union Minière, ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaanguka. Mwaka 1994 kampuni nzima haikufikisha tani 50,000. Mishahara ikakaa miezi mingi bila kulipwa. Mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa jina la kuondoka kwa hiari, wakapewa fedha ya mara moja. Nendeni Kapata mkawaone wazee hao: wana nyumba ya matofali, wana suti ya Misa, wana picha ya kupokea nishani ya kazi. Anayepita barabarani angewaandika kuwa wenye uwezo, na wajukuu wao wamerudishwa nyumbani kwa kukosa minervali.

Upande mwingine yuko mnunuzi wa madini asiye na karatasi hata moja. Ukimwuliza kazi yake, husema "najitafutia". Na mali yenyewe haikai. Mwanzo wa mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90,000. Katikati ya mwaka 2019 ilikuwa chini ya dola 40,000. Mwezi wa Februari 2025 serikali ikazuia kobalti isitoke nchini. Mtoto aliyeanza mwaka wa masomo akiwa wa tajiri aweza kuumaliza akiwa wa mdaiwa. Huko Kasulo, ambako tangu mwaka 2014 watu walichimba kobalti chini ya sakafu za nyumba zao, jirani wawili waligawanywa na upana wa ukuta: mmoja akapata gari, mwenzake akapata shimo.

Kwa ajili hiyo wako wasemao: kwa kuwa hamwezi kupima, acheni kupima, mchague kwa mguu tu. Sisi hatukubali. Mali haingoji ipimwe ndipo ifanye kazi. Imekwisha kuchagua kabla yetu. Siku ya majaribio watoto 20 wanasimama uwanjani, nasi twasema wote ni sawa, kwa kuwa kipenga ni kimoja. Lakini huyu amekula asubuhi, ana viatu vya kwake, na kila Jumamosi amefanya mazoezi. Yule viatu vimeazimwa, na Jumamosi zake alibeba magunia ya mawe kwenda maghalani. Yuko na wa tatu, ambaye hakuja kabisa, na labda alikuwa hodari kuwashinda wote. Kumwita wa kwanza mshindi ni sawa, maana ameshinda. Kumpa fedha kwa sababu hiyo ni kumlipa baba yake mara ya pili.

Kwa hiyo twaona heshima na fedha zitengwe. Aliye hodari kupita wote aandikwe wa kwanza, apewe fulana, cheti na nafasi katika timu, hata akiwa mwana wa mwenye malori. Kumnyima kwa ajili ya mali ya baba ni kumwonea. Fedha ishuke katika orodha mpaka imfikie asiyeweza kusoma bila hiyo. Na kiasi anachopewa kila mmoja kisijulikane na wenzake, ili pasiwe na mtoto aitwaye maskini wa timu. Tumewaona vijana wakiacha msaada kwa aibu hiyo tu.

Mfadhili akikataa, akasema anamtaka aliye bora na hana haja ya habari za mama na mihogo, hatumlaumu. Ila anaajiri, basi aandike mkataba wa kazi, wenye mshahara, matibabu na fidia, wala asiuite msaada wa masomo. Mjane wa Colorado alikosa haki yake katikati ya majina hayo mawili.

Na kuhusu kupima, tusiulize karatasi. Tumwulize mkuu wa shule: minervali ya mwaka jana ya mtoto huyu ililipwa na nani, ililetwa tarehe gani, na alirudishwa nyumbani mara ngapi? Tumwulize mama yake: mliuza nini ili kuilipa? Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wanajua nyumba ipi hupika mara moja kwa siku. Waulizwe watatu, si mmoja, maana mmoja huenda akawa mjomba. Na kila mwaka waulizwe upya, kwa kuwa bei ya kobalti nayo ni ya kila mwaka. Kisha, kabla ya mfadhili kutia sahihi, aulizwe neno moja waziwazi mbele ya mzazi, na jibu lake liandikwe chini: kijana akivunjika mguu mwezi wa pili, minervali ya mwezi wa tatu italipwa na nani?